Mama Mkwe Ndani ya Kabini

Lori la zamani, kamio kama tunavyoliita sisi, likivuja kabini hapa Kindu, wananiletea mimi. Dereva akifika tu anaanza kunifundisha kazi: "Mzee, ni mpira wa kioo cha mbele." Namwambia nyamaza, kaa pale. Nakausha kabini kwa kitambaa, napaka unga wa muhogo kwenye viungo vyote vya ndani, kisha mtu anamwaga maji kwa nje, akianzia chini na kupanda polepole. Unga unapolowa ndipo maji yanapopita. Wananiita fundi. Fundi gani! Nilifundishwa na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hakuwahi kushika spana.

Ilikuwa wakati wa vita. Nyumba yetu ilikuwa imeng'olewa mabati yote, na kamio langu lilikaa juu ya mawe uani, magurudumu na betri vimechukuliwa na wenye bunduki. Basi tulilala kabini, mimi, mke wangu na binti yetu wa kwanza, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi minne. Mvua ikinyesha, maji yalidondoka pale juu ya kioo cha mbele yakalowesha kiti chote. Mtoto akashikwa na kifua. Alikoroma kama chungu cha maharagwe motoni. Tulimpeleka kwa muuguzi, akamsikiliza kifua, akatupa vidonge.

"Dawa ya mwisho njo hii," alisema. "Mutoto asilale tena penye maji. Homa ya mapafu ikirudi, mimi siko na kitu."

Maneno hayo yalinitia wazimu. Nikapaka lami kwenye mpira wa kioo. Mvua ikanyesha, kiti kikalowa. Nikapaka tena, nene zaidi. Kikalowa. Nilimgombeza mke wangu, nikaligombeza kamio, nikaupiga mlango teke hadi kidole kikavimba. Hasira zangu ziko karibu, sikatai.

Mama mkwe alikuwa ametoka Pangi kwa miguu kuja kumsaidia binti yake, akawa analala jikoni kwa jirani. Na kwetu mkwe ni mkwe. Hamkai pamoja, hamtazamani usoni, ukikutana naye njiani unampisha na kuangalia pembeni. Akiwa na neno kwangu alimwambia mke wangu, hata kama nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Asubuhi moja akamwambia, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie baba, maji haingilie pale inaangukia. Nyumba ya majani iko vile vile."

Nikamwambia mke wangu, "Mjibu mama kwamba kamio si nyumba ya majani."

Mke wangu hakulipeleka jibu hilo. Mungu ambariki.

Mama mkwe akachota unga wetu wa mwisho, ule wa bugali wa jioni, akapanda kabini na kufunga mlango. Mama mkwe! Kwenye kiti changu! Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu alikuwa amempakata mtoto mgonjwa, kwa hiyo kazi ya kumwaga maji ilikuwa yangu. Nikashika ndoo, macho kwenye bati tu. Nikamwaga kwenye milango: kimya. Nikamwaga kwenye kioo, kwenye lami yangu yote ile: kimya. Nikapanda nikamwaga juu ya paa, naye akagonga kwa ndani na mwiko, ko ko ko: unga umelowa. Nikasogeza maji kidogo. Ko ko ko.

Kisha nikasikia anacheka. Akashuka upande wa pili, akasimama nyuma ya kamio ili tusionane, akamwambia binti yake: "Hii maji iko na povu. Nimeionja. Njo sabuni."

Aka! Nilikaa chini kwenye matope. Kabla ya vita nilikuwa nimefunga chuma cha kubebea mizigo juu ya kabini, kwa bolti nne. Wenye bunduki walipokiondoa, yalibaki mashimo manne, nami nikayaziba kwa sabuni na kupaka rangi juu. Kila dereva wa Maniema anajua: tangi likitoboka porini njia ya Punia, unaziba kwa kipande cha sabuni na unafika, maana sabuni haiogopi mafuta. Lakini maji, jamani! Mtu mzima mimi, niliiweka sabuni mbele ya mvua, nikasahau, nikakilaumu kioo. Mashimo niliyatoboa mwenyewe, nikayaziba kijinga mwenyewe, na aliyekuwa akiumia ni mwanangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikakwangua sabuni yote. Nikakata vipande vya mpira wa ndani wa tairi, nikaviweka juu na chini ya kila shimo pamoja na lami kidogo, nikakaza bolti nne. Jioni ile tulikula sombe tupu, majani ya muhogo bila bugali, na hakuna aliyenung'unika.

Mama mkwe ameshatutangulia mbele ya haki. Binti yule leo ni mwalimu huko Kailo, ana watoto wake watatu, na kwa kelele amenishinda. Kila siku namshukuru Mungu, na baada ya Mungu namshukuru yule mama, ambaye sikuwahi kumwambia asante uso kwa uso.

Mvua ya kwanza baada ya kukaza bolti zile, kiti kilibaki kikavu. Ya pili vilevile. Ya tatu ilitukuta mchana tukiwa kabini, nikamwona mama mkwe amesimama nje, kitenge kimemganda mwilini. Kuingia hakuweza kwa sababu mimi nimo, na kuondoka hakutaka kabla ya kujua hali ya mjukuu wake. Nikashuka upande wangu, nikazunguka nyuma, nikasimama mvuani nimegeuza uso. Nikasikia anapanda. Nikasubiri. Mwishowe nikachungulia, Mungu anisamehe: alikuwa ameweka sikio kwenye kifua cha mtoto, amefumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu.

Mlango ukafunguka. Akasema, si kwa mke wangu, kwangu mimi: "Baba, hakoromi tena. Ingia, unalowa."

Nikapanda, nikakaa kando yake.