Mfuko wa Turubai wa Drusilla Mong'ina

Drusilla Mong'ina alizaliwa Sironga, akaolewa Mosocho, na kwa miaka kumi na minane alishona kwenye baraza la duka la Gulled mjini Kisii. Sare za shule, mapazia ya kanisa, maturubai ya malori. Jumamosi cherehani yake ilifunikwa, kwa kuwa alikuwa Msabato, na hakuna mteja aliyewahi kumbembeleza akaifunua.

Mwaka 1957 polisi waliletewa helikopta, itumike kwa zamu na kikosi cha zimamoto. Haikuwa mpya, ilikuwa imezoea kubeba maofisa na barua. Mafundi waliifungia winchi, waya wa chuma na mkanda wa kuokolea, wenye kitanzi kimoja cha kifua na viwili vya mapaja. Aliyevaa mkanda huo aliinuliwa akining'inia, mapaja yametanuka.

Ulitumika mara ya kwanza mwezi wa Aprili, Mto Gucha ulipofurika karibu na Ogembo. Kemuma, binti wa dada yake Drusilla, alikwama juu ya mwamba katikati ya maji. Ukingoni walisimama watu wapatao arobaini, na mbele yao wote baba mkwe wa Kemuma, kwa sababu ndiye aliyekimbia kuita polisi. Mkanda ukashushwa. Kemuma aliushika, akautazama, akatazama ukingoni, kisha akausukuma. Maji yakamchukua. Walimpata hai mbali huko chini, amenasa kwenye mizizi ya mti, mkono umevunjika mahali pawili.

Ripoti ilisema alishikwa na hofu.

"Hofu ya nini?" Drusilla alimwuliza Sajenti Okemwa, siku alipoleta mkanda mmoja wa mfano na agizo la kushona mingine kumi na miwili. "Wewe ni Mgusii. Mkeo angeinuliwa juu ya kichwa cha baba yako namna hii, ungeandika hofu?"

Okemwa alitazama buti zake. "Mama Mogire, mimi naandika ninachoambiwa."

"Basi kamwambie aliyekuambia kwamba sishoni."

Gulled, aliyekuwa ndani akikata ngozi, alichungulia. "Dada yangu, hiyo ni serikali. Leseni ya duka hili ni yangu."

"Ndiyo maana nimekataa mimi, si wewe."

Miongoni mwa Abagusii, mke hagusani na baba wa mumewe, haketi naye chumba kimoja, na mwili wake hauonwi naye. Heshima hiyo huitwa chinsoni. Walimu huishika, wauguzi huishika, na Kemuma aliishika akiwa juu ya mwamba.

Kwa siku tisa Drusilla alishona kitu kingine: mfuko wa turubai wenye sakafu ya mbao, mpana chini kama kikapu cha wimbi, unaofungwa kwa kamba chini ya makwapa. Inspekta wa Kizungu alikuja kuuona mwenyewe.

"Hii gunia ya viazi," alisema. "Mtu nakufa maji, hapana chagua nguo."

"Alichagua, Bwana. Aprili. Na gunia la viazi hufika sokoni. Mkanda wako haukufika hata ukingoni."

Okemwa alikohoa. Inspekta hakucheka. Alisema helikopta ingeondoka Jumatatu kukaguliwa Nairobi, na kitakachokuwa kimefungwa siku hiyo ndicho kitakachobaki. Kama mfuko una maana, Jumamosi aje mwanamke mmoja wa kuinuliwa ndani yake.

"Nitakuja mimi. Lakini Jumamosi sipandi. Jumapili."

Kisha akamtuma mwanawe Mogire kwa mzee Angwenyi, baba wa mumewe, kumwomba asimame chini ya winchi. Kwa zaidi ya miaka ishirini wawili hao walikuwa wakizungumza kupitia ukuta. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: "Mwambie nitakuja. Nikilazimika kuinamisha macho, kazi yake ni bure, na nitasema hivyo mbele ya watu."

Jumapili uwanja wa polisi ulijaa. Drusilla alipokuwa akifunga kamba za mfuko, muuza ndizi mmoja alipaza sauti: "Mama Mogire, ukifika mbinguni urudi! Sketi yangu hujaimaliza!"

"Utaipata hukohuko!" akajibu.

Waya ukakaza. Upepo wa mapanga ya helikopta uling'oa kitambaa chake kichwani na kukirusha hadi kwenye ua. Mfuko ukapanda, ukipita urefu wa mkaratusi uliokuwa hapo. Angwenyi alikuwa chini yake kabisa, amekandamiza kofia kwa mikono miwili, ameinua uso. Hakuuinamisha mpaka mfuko uliposhushwa. Ndipo alipogeuka na kwenda zake, kama ilivyompasa.

Drusilla alitoka akiwa na kizunguzungu, akashikilia mlingoti wa bendera. "Unazunguka," alimwambia Okemwa. "Nitaongeza kamba ya kuushikia kutoka chini."

Inspekta aliuzunguka mfuko mara mbili, akavuta mishono, akakosa pa kulaumu.

"Sawa. Shona mifuko sita. Na mikanda sita, ya wanaume."

"Mifuko nitashona," Drusilla alisema. "Mikanda tafuta fundi mwingine. Hata mwanamume ana mama mkwe."