Matanga Bila Maiti

Kazi iliyomlisha Himid bin Saif kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa kuanguka. Kama umewahi kukaa mbele ya televisheni ya Oman baada ya futari, umemwona, usiniambie hukumwona. Ndiye yule mtumishi mnene anayeitwa Bakari, anayeingia barazani na sinia la kahawa, anajikwaa, vikombe vinaruka, na yeye yuko chini anaomba radhi kwa Kiarabu kilichovunjika kuliko hivyo vikombe. Tamthilia hubadilika kila Ramadhani, mabwana wenye nyumba hubadilika, Bakari ni yuleyule. Watoto wa mji wake, Ibra, wakimkuta sokoni humwambia, "Anguka, Bakari!" Na Himid, kwa kuwa hana moyo wa kumvunja mtoto, hujikwaa kidogo.

Kile Kiarabu hakukibuni yeye. Kilikuwa cha mama yake.

Bi Shaikha alitoka Unguja na wanawe wawili wa kiume, Khalaf na Himid, baada ya mambo ya kule kuharibika. Binti yake mkubwa, Ghanima, alikuwa keshaolewa, akabaki. Ibra ilimpokea Bi Shaikha vizuri, lakini Kiarabu hakikumkaa ulimini hata siku moja. Aliwasemesha wanaume kama wanawake na wanawake kama wanaume, na neno likimpotea alilipachika la Kiswahili akaendelea na safari. Himid, wakati huo karani wa baladiya, ofisi ya mji, aliwaigizia wenzake usemi huo siku ya sherehe ya ofisi, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtu wa televisheni alikuwapo. Ndivyo Bakari alivyozaliwa, na ndivyo ukarani ulivyokufa.

Usiku wa kwanza wa tamthilia majirani walijaa nyumbani kwa Bi Shaikha. Walicheka, na yeye akacheka nao. Lakini Jumatano iliyofuata alikwenda soko la wanawake, lile ambalo wanaume hawatii mguu, na muuza vitambaa akamjibu kwa sauti ya Bakari. Hakukusudia ubaya yule mwanamke, alikuwa anatania tu. Toka siku hiyo Bi Shaikha sokoni hakusema tena. Alinyoosha kidole: hiki, na kile. Alinyoosha kidole mpaka anakufa.

Khalaf alipata habari kwa mkewe, akaja kwa mdogo wake.

"Umemchukua mama ukampeleka kuchekwa," alimwambia. "Mlango wako siuingii tena, Himid, mpaka umrudishe."

"Kazi ni kazi, kaka," Himid alijibu, jibu ambalo amelijutia kila siku aliyoamka. Khalaf akahamia Mudhaibi kwenye mitende yake, na neno lake likabaki palepale. Hata mama alipofariki, wale ndugu wawili walikaa matanga mbali mbali, mmoja Mudhaibi, mmoja Ibra, na watu wakawa wanaendesha gari kutoka msiba hadi msiba wa maiti mmoja. Ilikuwa aibu kubwa, na mpaka leo wazee wakiitaja hushusha sauti.

Mengine yaliyompata Himid yalikuja kama yanayopeana zamu. Mkewe alichoka na mume anayeonekana zaidi kwenye televisheni kuliko mezani, akaondoka. Gari lilimpindukia njia ya Sinaw, akatoka na chuma nyongani. Daktari akamkataza kuanguka. Himid akamwambia, "Daktari, hiyo ndiyo kazi yangu," na akaendelea kuanguka, ila sasa walimfichia godoro. Nyumbani alibaki na binti yake Reem, mwanafunzi wa chuo, ambaye marafiki zake humwita binti Bakari.

Mwaka huu, mwezi wa Rajab, walikuja kupiga tamthilia katika nyumba kongwe ya udongo hapohapo Ibra. Mwongozaji alikuwa Shatha, msichana wa Nizwa aliyesomea kazi hiyo. Himid alipokea maandishi yake, akasoma: Bakari anaingia na sinia. Simu inalia. Anaambiwa dada yake amefariki Unguja. Anaanguka. Vikombe. Analia kwa Kiarabu chake. Kicheko.

Alisoma mara ya pili, akayaweka pembeni. Hasira ilimpanda, kisha ikamshuka, na ilipokwisha kushuka alikuwa ameshaamua. Khalaf anakaribia miaka sabini, na moyo wake ni wa vidonge. Kama mama atarudishwa, arudishwe sasa, na kwa mlango uleule alioondokea, wa televisheni.

"Mimi sianguki," alimwambia Shatha kwa Kiarabu safi, maana Himid mwenyewe Kiarabu anakijua kama Fatiha.

"Ami Himid, watu wanamngoja Bakari aanguke. Asipoanguka watafikiri televisheni zao zimeharibika."

"Wapeleke kwa fundi."

Mwenye mali, yule anayeigharimia tamthilia, aliyekuwa ndani ya gari kwenye ubaridi, alituma ujumbe kwamba Bakari wengine Maskati wamejaa tele. Himid akasema wapewe salamu zake. Lakini hakuondoka. Alisimama katikati ya ua, mkono nyongani.

"Binti yangu, nipige mara moja, kwa Kiswahili changu na kwa namna yangu. Akicheka mtu mmoja hapa, hata mpika chai, nitaanguka mpaka vikombe vya Ibra viishe. Asipocheka mtu, unaiacha ilivyo."

Shatha akamtazama ule mguu, akamtazama usoni. "Mara moja," akasema.

Himid akaingia na sinia. Simu ikalia. Akaliweka sinia chini polepole, kila kikombe mahali pake, na watu waliokuwa wameshajiandaa kwa kishindo wakashtushwa na ukimya. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango, kama alivyokaa mama yake siku ilipopigwa simu kwamba kaka yake amefariki Unguja. Himid alikuwa kijana, amesimama nyuma yake.

"Nani?" akauliza. "Ghanima?"

Maandishi hayakumpa dada jina. Jina lilitoka lenyewe.

"Lini?" Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari ya msafiri: "Alikuwa kala?"

Ndivyo mama alivyouliza siku ile. Hakuuliza ugonjwa gani, wala nani alikuwapo. Alitaka kujua kaka yake hakuondoka na njaa.

"Dada'angu," Himid akasema, na machozi sasa yalikuwa yanakwenda bila ruhusa yake, "umekwenda sijakuona. Nani tena ataniita mtoto?"

Hakucheka mtu. Mshika maikrofoni, aliyemcheka Bakari toka utoto wake, alisahau kazi, na maikrofoni ikateremka mpaka ndani ya picha.

"Turudie," mpiga picha akasema, akikohoakohoa.

"Mtu hafiwi mara mbili na maiti mmoja," Himid akajibu, akajinyanyua kwa ukuta. Shatha hakuwa amefahamu neno hata moja la Kiswahili. Alijifuta uso kwa ncha ya shela yake, akasema maikrofoni itakatwa, hayo mengine yatabaki.

Kumbe mmoja wa wafanyakazi alikuwa ameirekodi kwa simu yake, akamtumia shangazi yake. Shangazi naye akawatumia watu wake. Kufika adhuhuri ya kesho yake ilikuwa imezunguka kwa Waswahili wote, kutoka Nizwa mpaka Sur. Na katika simu hukuoni kamera wala taa. Unamwona Himid bin Saif na kofia yake, amekaa kwenye mlango wa nyumba ya Ibra, anamlilia Ghanima. Watu wetu habari ya msiba hawaiulizi mara mbili. Wakiisikia huvaa viatu.

"Baba," Reem alimwita baada ya alasiri, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "gari mingi nje. Watu wote wanasema pole. Nani kafa?"

Kabla hajajibu, mzee Hood, mmoja wa Waswahili wa Sur, alikuwa ameshaingia na wanawe, akamkumbatia.

"Mungu akupe subira, Himid. Niliposikia nilitua kijiko."

"Bwana Hood, hajafa mtu. Ni tamthilia."

"Najua, baba, najua. Siku za mwanzo msiba hufanana na mchezo."

Himid aliwaambia watano, kumi, wakampapasa bega na kumwambia ashukuru Mungu. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa akiwapa uongo wakaupokea kwa kicheko, leo anawapa kweli hawaitaki. Majlisi, chumba cha wageni, ikajaa, viatu vikamwagika mpaka barabarani. Ndipo simu yake ikalia, naye akaifungua sauti ili wote wasikie.

"We Himid!" Ilikuwa sauti ya Ghanima, kutoka Unguja, imekunjuka vizuri. "Nimekufa lini, na mbona mwenyewe sikuambiwa? Majirani hapa wameshabandika masufuria! Na huyo kaka yako namtafuta hashiki simu. Akiendesha gari hashiki."

Majlisi nzima ikapasuka kwa kicheko. Mzee Hood alicheka mpaka akavua kilemba. Himid peke yake hakucheka, maana alikuwa ameelewa gari hilo linakuja wapi.

Khalaf alifika kicheko hakijatulia. Alisimama nje ya mlango na bakora yake, macho mekundu, ndala moja imevuliwa na nyingine bado mguuni.

"Mnacheka?" akauliza. "Kwenye msiba wa dada'angu mnacheka?"

Himid akasimama, nyonga ikamchoma.

"Ghanima yu hai, kaka. Nimezungumza naye sasa hivi. Yale yalikuwa kazi."

"Kazi," Khalaf akasema, na mguu ule uliovuliwa ukaanza kuitafuta ndala yake. "Bakari tena."

Hapo angeweza kusema samahani, na watu walimngoja aseme. Angeweza hata kuanguka, kaka yake acheke apoe. Himid hakufanya lolote kati ya hayo.

"Si Bakari. Waliniambia nianguke, Khalaf, nikakataa. Uliniambia nimrudishe. Mimi nimemrudisha kadiri nilivyoweza, na kama haitoshi, kesho nitajaribu tena."

Mguu wa Khalaf ukaacha kuitafuta ndala. Alipozungumza sauti ilikuwa imemshuka.

"Lile neno. Alikuwa kala. Njia nzima kutoka Mudhaibi nilikuwa nalisikia. Nilisahau kama mama aliuliza vile."

"Mimi sikusahau."

Khalaf akavua ndala ya pili. Akaingia, akapita katikati ya watu, akaenda kukaa mwisho wa majlisi, pale wanapokaa wafiwa, akapapasa zulia kando yake.

"Njoo ukae hapa."

"Kaka, hakuna aliyekufa."

"Yupo," Khalaf akasema. "Na hatujamkalia matanga pamoja."

Himid akaenda akakaa, bega kwa bega na kaka yake. Mzee Hood ndiye aliyefahamu wa kwanza. Alikivaa kilemba chake, akainuka, akaanza upya kama mtu aliyeingia sasa hivi. Akampa mkono Khalaf, kisha akampa Himid.

"Mungu amrehemu Bi Shaikha," akasema. "Poleni na mama."

Na nyuma yake watu wakaanza kusimama, mmoja mmoja.