Kisiki na Foleni ya Zahanati

Nyumbani walimwita Kisiki, kwa sababu tangu utotoni akishasema hapana, hapana hiyo huing'oi hata kwa jembe. Chuoni walimwita Dada wa Ripoti, na jina hili ndilo lililomchoma. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta, na katika kila kazi ya kikundi wavulana walijigawia kuandika programu, yeye wakamwachia ripoti na kuchagua rangi za skrini. Alama alizopata zilikuwa nzuri tu. Lakini siku mwajiri atakapomwambia kaa hapa uandike programu, atamwonyesha nini, rangi ya bluu?

Mradi wa mwisho ulikuwa mfumo wa kupanga foleni ya wagonjwa katika zahanati. Kiongozi wa kikundi, kijana waliyemwita Profesa kwa jinsi alivyopenda kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo, akaanza kugawa kazi.

"Dada wa Ripoti, wewe unayajua mambo yako."

"Siyajui," akasema Kisiki. "Safari hii naandika programu."

"Aa, dada, usituharibie bwana. Muda wenyewe hauna mchezo."

Wenzao wawili wakajitia kutazama simu. Watu wa namna hiyo wapo kila mahali, hawakugusi wala hawakuokoi. Kisiki akabeba mkoba wake, akaenda moja kwa moja kwa mhadhiri kuomba afanye mradi peke yake.

Mhadhiri hakumung'unya maneno. "Ruksa. Ila programu isipofanya kazi siku ya kuwasilisha, unarudia mwaka. Hutakuwa na kikundi cha kujifichia."

"Sijaomba kujificha, mwalimu."

Mama yake, fundi cherehani, aliposikia habari hiyo aliacha kukanyaga mashine.

"Urudie mwaka? Mwanangu, kuchagua rangi kuna ubaya gani? Si unafaulu pamoja na wenzako?"

"Mama, wewe ungekubali kuitwa fundi kwa kushikilia kitambaa tu, wenzako wanashona?"

Mama akamkata jicho. "Huo mdomo utakuponza," akasema, lakini akasogeza mikasi na vitambaa vya wateja, akampa nusu ya meza ya kukatia. Hapo ndipo Kisiki alipoandikia programu yake, jioni baada ya jioni, vipande vya uzi vikimnasa vidoleni na programu ikigoma kwa sababu asizozijua. Alilia zaidi ya mara moja. Habari ya kuacha hakuitaja.

Siku ya kuwasilisha, mtahini alikuwa mama mmoja kutoka kampuni ya programu, mwenye sauti ya chini na maswali mafupi. Wagonjwa wa majaribio, kila mmoja na saa yake ya kufika, waliingia kwenye foleni bila matata, wakaitwa mmoja mmoja kwa zamu. Kisiki akaanza kupumua.

"Mama na mtoto wake wamefika pamoja," mtahini akasema. "Wote wanaumwa. Waandikishe."

Kisiki akamwandikisha mama. Akamwandikisha mtoto. Mama akatoweka kwenye skrini.

"Mtoto kammeza mama yake!" Profesa akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata.

Mhadhiri akashusha macho. "Basi, binti. Tumeona."

Kisiki akaitazama tena skrini. Mwaka mzima ulikuwa unamponyoka mbele ya watu. Kisha hasira ikampanda, hasira ile nzuri inayomnyoosha mtu mgongo.

"Hamjaona bado," akasema. "Mmeiona ikianguka tu. Naomba niiinue hapahapa."

"Muda wako umekwisha…" mhadhiri akaanza.

"Mwache," mtahini akasema.

Kisiki akaifungua programu kwenye skrini ya ukutani, kila mtu aione, akaanza kuisoma kwa sauti. Kosa akalikuta. Kila mgonjwa alikuwa amemtambulisha kwa saa na dakika aliyofika, kwa hiyo wawili wakifika dakika moja, wa pili anamfuta wa kwanza. Kosa la kitoto kabisa. Akafuta, akaandika upya.

"Kila mtu apate namba yake," akasema, "hata aliyebebwa mgongoni."

Akakosea tena, wakacheka tena, akarekebisha. Akamwandikisha mama, kisha mtoto. Safari hii wote wawili wakabaki kwenye foleni, mmoja chini ya mwenzake. Vicheko vikakauka.

Alifaulu kwa alama za chini, chini kuliko kikundi alichokiacha. Profesa hakukosa kumkumbusha.

"Ungebaki kwetu ungepata za juu, dada."

"Zako zikufae, kaka."

Mtahini alikuwa akikusanya vitu vyake. Akamgeukia Kisiki, akamuuliza bila ubaya, kama alivyowauliza wote, "Programu hii nani alikuandikia?"

"Mimi," Kisiki akasema. "Hata lile kosa mlilolicheka ni langu."