Mzee wa Polo Tatu

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya masomo ya jioni, kwamba kule Mzenga, ndani kabisa ya Kisarawe, watu wanacheza polo ya baiskeli kwa magongo mawili mawili, na kwamba yupo mzee mmoja anayecheza kwa matatu. Hilo la tatu sikujua analishikaje. Nilidhani kwa meno.

Habari hiyo nilipewa na kinyozi wangu wa Tangini, hapa Kibaha, mzaliwa wa Mzenga. Alikuwa ananichonga ndevu, nami nikilalamika kwamba mkoa mzima wa Pwani una timu moja tu ya polo, sisi hapa, na kwamba baiskeli zimejaa kila kona lakini watu wa polo hawapatikani. Akazima mashine.

"Polo na baiskeli? Kaka, nenda kwetu. Kila kijana ana polo yake. Wanapanda nazo mbili mbili mlima ule, na mguu haugusi chini. Yuko mzee anapanda na tatu."

Nilitoka pale mbio, shavu moja la bwana harusi, la pili la mfungwa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni watatu kwa watatu, wote juu ya baiskeli, gongo mkono mmoja, usukani mkono mwingine, mnagombea mpira mdogo kwenye uwanja wa saruji. Mguu ukigusa chini umejitoa. Unakwenda kugonga nguzo ya katikati ndipo urudi mchezoni. Sisi tulichezea uwanja wa netiboli, jioni, wafanyakazi wakishatoka maofisini na waliokwenda Dar wakisharudi. Magongo tulijitengenezea wenyewe, mpini wa fagio na kipande cha bomba la maji. Siku niliyomwambia mama mwenye nyumba kwamba chumbani kwangu natengeneza gongo, alinipa notisi kabla sijapata nafasi ya kumwonyesha kwamba gongo langu halinyweki.

Aliyetuanzishia yote hayo ni Kapteni. Alikuwa dada mmoja mtumishi wa serikali, mtu wa kaskazini aliyeletwa Kibaha kikazi, mfupi, mwenye sauti. Ukiteleza tu ukagusa saruji alipiga kelele "Mguu!" na nakuapia mabasi ya Morogoro Road yalishika breki. Ni yeye aliyewatafuta wenzetu wa mikoa mingine, mmoja mmoja, kwa simu, mpaka tukapata mashindano ya taifa. Taifa lenyewe, wachezaji, marefa na wapiga picha, tungeenea Coaster moja na konda akapata pa kulala. Lakini tulikuwa na mzunguko wa Morogoro, mzunguko wa Dodoma, mzunguko wa Arusha, halafu fainali. Na tulikubaliana wenyewe kwenye kundi la WhatsApp kwamba fainali itapelekwa kwenye mkoa wenye timu mbili, ili wenyeji wasiwe wapweke.

Mwaka ule Kapteni aliiomba fainali, akaambiwa kwanza apate timu ya pili. Kisha, msimu ukikaribia mwisho, akapata uhamisho: Katavi, mwisho wa mwezi. Hakulia wala hakulaumu. Alikaa kwenye ukingo wa uwanja akizungusha pedali ya baiskeli yake kwa kidole, akasema, "Kila mwaka nawaandalia watu fainali kwao. Nilitaka moja tu niione nyumbani." Aliposema nyumbani alimaanisha Kibaha. Sisi wote tuliinama kukaza nati ambazo hazikulegea.

Basi fikiria mimi nilivyoingia uwanjani na lile shavu langu moja, nikipiga kelele: "Kapteni, timu ya pili ipo! Mzenga!"

Jumamosi tulikodi kigari cha mizigo, kirikuu, mimi, yeye na magongo sita, tukaikata Kisarawe hadi vumbi likatufanya wote kabila moja. Tulipofika, sikuamini macho yangu. Pembeni ya barabara walikaa wanaume kama kumi, na baiskeli nyeusi zimeegemezwa kwenye vijiti, kila moja imefungwa magunia ya mkaa yaliyopanda juu kama ghorofa.

Nikamgusa Kapteni kiwiko. "Umeona? Wanajizoesha kwa uzito."

Kapteni aliniangalia, akayaangalia magunia, kisha akaniangalia tena.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia aliyeonekana mkubwa wao.

"Marahaba. Mmefuata polo?"

"Ndiyo, mzee! Tumetoka Kibaha."

"Mnataka ngapi?"

Nikahesabu: baiskeli tatu za wachezaji na moja ya akiba. "Nne zinatosha."

"Nne!" Wakacheka. "Gari zima hili, polo nne? Na wewe mwenyewe kijana, kwenye baiskeli unaweza polo ngapi?"

"Moja tu, mzee."

"Moja!" Kijana mmoja alijipiga paja. "Braza, na mapaja yote hayo? Dada yangu anabeba moja na mtoto mgongoni!"

"Mzee hapa anakwenda na tatu," mwingine akadakia. "Mpaka Kisarawe mjini, hashuki."

Ndiye! Nikamtazama meno: yalikuwa mazima, imara, meno ya kushikia gongo. Nikamshika mkono kwa mikono yote miwili, nikamwambia sifa zake zimefika Tangini. Akaitikia taratibu, kama mtu aliyezoea.

Hapo Kapteni akamwomba mzee wazungumze pembeni. Wakasimama kwenye kivuli cha ghala la korosho. Nilimwona akichora kitu mchangani kwa ncha ya gongo, mzee akiuliza, akitikisa kichwa, halafu akicheka mpaka akavua kofia. Waliporudi, Kapteni macho yalikuwa yanang'aa. "Wamekubali," akasema. "Tupakie na polo mbili za kwangu." Na kweli tulirudi Kibaha na magunia mawili ya mkaa, nami nilidhani ni heshima ya ugeni.

Fainali ikaja nyumbani. Uwanja wa netiboli ulijaa. Nasema walikuwa watu elfu, toa watoto. Watatu wa Mzenga walifika na baiskeli zao nyeusi za keria pana. Magongo waliyashika kama mtu anayefukuza nyoka, na mpira uliwapita kushoto na kulia. Dodoma waliwafunga, Arusha wakawafunga. Lakini mguu wa Mzenga haukugusa chini siku nzima, hata mmoja, na mpira ulipogonga keria ya mzee ukaingia golini kwa Morogoro, Kapteni alikimbia uwanja mzima akiwa amesahau kwamba yeye ndiye refa. Wiki ile ile akapanda basi la Katavi.

Siku hizi uwanja umerudi kuwa wa netiboli tu, na gongo langu natungulia mapapai. Lakini kila nikipata msikilizaji humsimulia habari za Mzenga, kijiji cha mabingwa. Juzi nilikuwa namsimulia Kapteni mwenyewe, kwenye simu, tukikumbushana. Nikamuuliza, hivi yule mzee, gongo la tatu alikuwa analishikaje?

Akapiga kelele, kama zamani, "Mguu!" Akacheka sana. Alipotulia akaniambia, kwa sauti ya upole:

"Polo ni gunia, wewe. Wale walikuwa wauza mkaa. Nilijua tangu tunashuka kwenye gari, ila nilihitaji timu."