Tiwonge Arudi Uwanjani

Tiwonge Mhango alianza kuichezea timu ya taifa ya netiboli ya Malawi akiwa bado msichana wa shule. Alikuwa mlinzi, yule anayesimama chini ya pete na kumnyima mfungaji raha. Hakuwa mrefu, ila alikuwa na subira: wenzake waliruka mara tu mfungaji alipoinua mikono, yeye alingoja mpira utoke vidoleni. Mashabiki wakambandika jina Kufuli, na mji wao wote wa Mzuzu ukalidaka.

Akaolewa, akazaa binti. Timu ikaita wengine, na watu wakaanza kumtaja kama mchezaji wa zamani, naye hata thelathini hajafika.

Alasiri moja mama mkwe wake, NyaKumwenda, alimkuta uani akirukia tawi la mpera, jasho likimtoka. Mtoto alikuwa amelala ndani.

“NyaMhango, unaruka nini?” akauliza, akimwita kwa jina la ukoo wake.

“Najinyoosha tu, mama.”

“Mtu hajinyooshi huku analia.”

Tiwonge akafuta macho. Akasema kuna mchujo wa timu ya taifa kule Blantyre, lakini mtoto ananyonya, na nani atambeba?

“Kwani huu mgongo wangu ni pambo?” NyaKumwenda akauliza, akaingia ndani kufunga mzigo.

Walipofika Blantyre, kocha Kalua alimtazama mtoto, akamtazama mama.

“Dada, wewe si ulistaafu?”

“Nani kakwambia, kocha?”

“Gazeti.”

“Hilo gazeti halikuniuliza.”

Wasichana wakacheka. Mmoja akanong'ona kwamba kufuli limeota kutu. Tiwonge aliwasikia, akaingia uwanjani, akawanyang'anya mipira hadi kicheko kikawakauka. Kila mapumziko alikimbilia benchi, akanyonyesha, akarudi. NyaKumwenda alimrudisha mtoto mgongoni kwa kitambaa chake cha chitenje na kuzungukazunguka akimbembeleza. Jioni Kalua alisoma majina, na la Tiwonge lilikuwamo.

Mwaka huohuo walikuja wageni wenye mfungaji mrefu kama mlingoti. Mpaka dakika ya mwisho Malawi walikuwa mbele kwa bao moja, na mpira ukamfikia yule mrefu chini ya pete. Akainua mikono. Mlinzi mwingine wa Malawi akaruka mapema, akapitwa. Tiwonge alingoja, kisha akapaa. Ncha za vidole vyake ziliugusa mpira, nao ukagonga ukingo wa pete na kuanguka nje. Filimbi ikalia.

Uwanja mzima ulipiga vigelegele. NyaKumwenda, mtoto mgongoni, aliwaambia hata wasiomuuliza, “Yule ni wa kwetu. Mtoto wake huyu hapa.” Kesho yake sauti ilikuwa imemkauka, ikabidi aseme kwa mikono.

Tiwonge aliendelea kwa miaka mingi, akawa kapteni, hadi goti lilipogoma. Sasa anafundisha Mzuzu, katika uwanja wa vumbi nyuma ya shule. Wachezaji wake kadhaa wana watoto wachanga. Ametandika mikeka kivulini, na mtoto akilia, mama yake hutoka bila kuomba ruhusa.

Mwaka huu mmoja wa wachezaji hao, jina lake Wezi, ameitwa timu ya taifa. Tiwonge alimsindikiza stendi.

“Kocha, naogopa.”

“Hata mimi niliogopa. Panda.”

Basi likaondoka. Tiwonge akabaki pale, kifua mbele, mpaka likapinda kona, kisha akashika njia ya uwanjani, ambako wengine walikuwa wakimsubiri.