Milango Tisa ya Thuwaiba

Siku hizi mchora milango hana haja ya kugusa mbao. Hukaa penye kiyoyozi akachora ndani ya kompyuta, nasi wenye randa tukaletewa karatasi. Sisi tulijifunza kwa kushika. Waliotufundisha wamekufa, na vigezo vyao vya bati, walivyofuatisha kukata mbao, vimeuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Hata hivyo, juu ya Thuwaiba, mmoja wa wachoraji hao, sitasema uongo.

Ofisi yao ilikuwa ikitengeneza nyumba kongwe ya Mkunazini. Milango tisa, na mbao za msaji za kutosha milango tisa tu. Msaji kama ule haupatikani tena Unguja. Asubuhi ya kukata nilitandaza michoro yake. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa mwembamba sawa na wa jikoni. Nikaweka msumeno chini, nikaenda ofisini.

"Shikamoo, mzee Gharib."

"Marahaba. Mwenye nyumba akifa, jeneza mtalipitisha dirishani?"

Samir, mchoraji mwenzake, akacheka. Thuwaiba aliitazama karatasi, kisha akamgeukia.

"Jana umegusa mlango gani?"

"Wa jikoni tu. Nliupunguza."

"Umempunguza mama yao."

Akanieleza bila haraka. Mlango aliuchora mara moja, akauhifadhi kama kigezo. Yote tisa ni nakala zake. Ukimkata mama, watoto wote wanakatika.

"Basi mrudishe alivyokuwa."

"Nikimrudisha tu, kesho mtu atamkata tena."

Alikaa na kazi ile mpaka adhuhuri. Akakifanya kigezo kiwe na sehemu mbili: miimo, zile nguzo za pembeni, ikaweza kusogea kwa kila mlango peke yake, lakini mfaa, ule mti wa katikati wenye nakshi, ukabaki na upana wake popote. Nikamwuliza nani kamwambia mfaa hautanuki. Akatoa daftari. Alikuwa amepita mitaani miezi miwili na futi mkononi, akipima milango ya zamani. Hata mlango nilioutengeneza mimi mtaani Malindi, ujanani, ulikuwemo.

Hakunipa karatasi mpya mpaka tulipokwenda wote kwenye nyumba ile, akapima mwenyewe uwazi wa mbele. Alasiri nikakata. Msaji ulitosha, na mlango ule unapitisha jeneza na wabebaji wake.

Kesho yake nikampelekea kigezo changu cha bati cha mfaa, cha mwisho nilichobaki nacho. Akakipima, akaandika, akanirudishia.

"Kaa nacho, mzee. Hicho Samir hawezi kukiharibu."