Atakayechelewa Asisubiriwe

Mume wangu hakufia kwa mwanamke. Alifia kwenye benchi la mbao la stesheni ya treni, mchana kweupe, akiwa na viatu vyake vyote viwili miguuni na shati nililolipiga pasi mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalopindishwa. Siku hizi nasikia limezaa la pili: kwamba daftari lake la safari lina jina la huyo mwanamke, na kwamba mimi nimelifungia kabatini. Daftari ninalo, na kabatini limo. Mengine nitayaeleza mara moja tu, kwa mpangilio. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja, na sipendi ramani iliyochorwa kwa kubahatisha.

Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, kimebanwa kati ya kinyozi na duka la madaftari. Ndani mlikuwa na meza, taa ya shingo ndefu, na bakuli za kioo alizozifunika juu ya vipuri ili vumbi lisiingie. Mteja akimwambia saa yake imekufa, alijibu, "Haijafa, imechoka." Alifungua saa mbili kamili na kufunga saa kumi na moja kamili, na majirani walikuwa wakirekebisha saa zao kwa kusikia komeo lake. Mtu wa namna hiyo ndiye mnayesema alikuwa na nyumba mbili. Angeipatia wapi nafasi?

Mara moja kwa mwaka, shule zikifungwa, alifunga kibanda kwa wiki mbili akasafiri na rafiki zake. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenzangu kazini, na ndiye aliyetukutanisha mimi na mume wangu. Wa pili alikuwa fundi bomba, aliyeitwa Tajiri kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kuonekana na chenji mfukoni. Watatu hao walikulia mtaa mmoja na kupigwa na mwalimu mmoja, na mpaka wanaota mvi walikuwa bado wanatukanana kama watoto wa darasa la tatu.

Walisafiri kwa kidogo walichokuwa nacho. Behewa la daraja la tatu, sufuria moja, mablanketi mawili, jiko dogo la mafuta ya taa. Kulikuwa na watu waliosema wanakwenda kuombaomba. Si kweli. Walilipa kwa mikono yao. Wakifika kwenye nyumba ya wageni, Tajiri alizibua sinki na kubadilisha mipira ya mabomba, mume wangu alitengeneza saa ya ukutani, na kitanda kikapatikana. Mwalimu hakuwa na ufundi wowote ila mdomo, na huo uliwafungulia madarasa matupu ya shule za njiani, wakaunga madawati na kulala. Mwaka mmoja walipanda juu ya lori la vitunguu siku mbili nzima. Mume wangu alirudi akinuka vitunguu mpaka kwenye nywele, nikamlaza sebuleni, na sebuleni huko akanichekesha kwa kunisimulia jinsi Tajiri alivyosinzia akabingirika ndani ya gunia lililo wazi. Kila safari ilimtosha kuzungumza mwaka mzima. Sikatai kwamba ilikuwa furaha. Nimeiona kwa macho yangu, kwa sababu mwaka mmoja nilikwenda nao.

Ilikuwa kabla ya kupata mtoto wetu wa kwanza. Treni ilisimama kwenye stesheni ndogo, nikashuka kunawa vumbi. Bombani palikuwa na mama anaogesha watoto wake watatu, nikasubiri zamu yangu kama mtu aliyelelewa. Filimbi ikapigwa. Nikageuka nikawaona Mwalimu na Tajiri wamesimama kwenye mlango wa behewa, wanahesabu kwa sauti huku wanacheka: kumi, tisa, nane. Nilikimbia na uso wenye sabuni. Walipofika tatu, mume wangu akaruka chini na mkoba wake, na treni ikaenda zake.

Tulikaa pale mpaka kesho yake. Tulikula karanga tukiwa tumekalia mkoba. Aliomba ngazi kwa mkuu wa stesheni, akapanda kuitengeneza saa ya jukwaani, nami nikiwa chini nimeshikilia ngazi na kumpokelea skrubu moja moja katika kiganja. Katika ndoa yangu yote sijawahi kucheka kama siku ile.

Tulipowakuta wenzetu mbele, Mwalimu alikuwa amenuna. "Shemeji," akaniambia, "ramani unaijua, lakini saa umemwachia mumeo." Kisha akachukua daftari la safari akaandika, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: Atakayechelewa asisubiriwe. Atatukuta mbele. Wote watatu wakatia sahihi chini yake. Mume wangu alitia sahihi huku anacheka. Mimi sikuombwa sahihi. Sikwenda tena, na asiseme mtu kwamba nilikatazwa. Nilijikataza mwenyewe.

Tangu hapo kanuni ile ikawa mchezo wao. Anayeshuka anahesabiwa, akichelewa anaachwa, anafuata kwa treni ya nyuma na kisa cha kusimulia. Tajiri aliachwa mara saba, na akajisifia kila moja. Mume wangu hakuachwa hata mara moja kwa miaka ishirini na tisa.

Mwaka wa mwisho daktari alimpima moyo, akamwambia asikimbie na asipande vilima. Hilo Mwalimu alilijua. Aliambiwa sebuleni kwangu, akiwa na kikombe cha chai yangu mkononi, nami nimesimama pale. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, shemeji. Mwaka huu tutatembea kama maharusi."

Siku ya tano ya safari nilipigiwa simu na mkuu wa stesheni nisiyemjua. Nilikwenda na mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, kuuchukua mwili. Mkuu wa stesheni alikuwa mtu wa makamo, amevaa kofia ya kazi, na alinieleza akiwa amesimama wakati wote, ingawa kiti kilikuwepo.

"Mama, mzee alishuka kuja kuniambia saa yetu imebaki nyuma dakika nne. Nikamshukuru. Filimbi ikapigwa. Akawa anarudi taratibu, mkono kifuani. Wenzake walikuwa mlangoni."

"Wakifanya nini?"

Akatazama reli. "Walikuwa wanahesabu, mama. Nilidhani ni utani wa watu wazima. Hata yeye alikuwa anacheka, aliwapungia mkono. Treni ikaondoka. Akakaa kwenye benchi, akafungua kifungo, akatoa daftari akaandika kidogo. Nilikwenda kumletea maji. Niliporudi alikuwa amekwisha."

Mwalimu na Tajiri walisafiri siku mbili zaidi kabla ya kupata habari. Walidhani anafuata.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo uongo ulipozaliwa. Msibani, sebule imejaa watu, mtu alimuuliza Mwalimu ilikuwaje mwenzao akawa peke yake. Mwalimu akakohoa, akasema, "Alituambia tutangulie. Alisema ana mtu wa kumwona pale." Ni maneno machache tu. Hakutaja mwanamke. Waliobaki walimalizia wenyewe, na kabla vyombo havijaoshwa mwanamke yule alikuwa amekwisha kupewa duka, nyumba na watoto wawili. Nilinyamaza. Nilikuwa na mwili wa kuzika, na sikuzoea kubishana mbele za wageni. Kunyamaza kule nimekulipia.

Mwaka uliofuata kitinda mimba wangu aliposwa. Kijana mwenyewe hana neno, ni fundi wa mitambo ya maji, mtu wa kazi. Ila shangazi yake alikuja kwangu, akanywa soda yangu mpaka tone la mwisho, ndipo akasema, "Dada, usinielewe vibaya. Kwetu tunapenda kujua tunaingia ukoo wa nani. Hao watoto wengine wa marehemu wanatambuliwa?"

Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia. Nilimwona anavyolishika.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani anasahihisha mitihani ya watoto wa jirani, kalamu nyekundu sikioni. Aliniletea kiti. Sikukaa.

"Mwalimu, watu wa posa wanarudi Jumamosi. Nataka uje uwaambie ulichokiona mlangoni mwa behewa. Hicho tu, usiongeze."

"Shemeji, kaa kwanza."

"Nimesimama vizuri."

Akavua miwani. "Nikisema hivyo nitakuwa nani mbele za watu? Si nitakuwa nimeua?"

"Na sasa mume wangu ni nani mbele za watu?"

"Watu husema wakachoka. Huyo kijana akimpenda bintiyo ataoa. Nitakuja, nitasema marehemu alikuwa mtu mwema, baba wa familia. Nitasema huyo mtu wa kumwona alikuwa mteja wa saa. Tumalize."

"Unataka kuziba uongo kwa uongo. Nawe ulikuwa unawachapa watoto kwa kunakili majibu."

Hapo alibadilika. Namjua tangu ujana, na najua anavyokunja mdomo akiwa amepata jibu linaloumiza. "Unajua ile kanuni iliandikwa kwa ajili ya nani?" akasema. "Hakuna mtu aliyekuwa akiachwa kabla yako. Ungenawa haraka siku ile, tusingekuwa na kanuni. Mimi nimeandika, sawa. Lakini sababu ni wewe."

Niliondoka. Jibu nililipata njiani kurudi nyumbani, nalo ni hili: siku ile nilipochelewa mimi, kuna mtu aliruka. Alipochelewa yeye, behewa zima halikuwa na mtu wa kuruka. Lakini sitadai kwamba maneno ya Mwalimu hayakuniingia. Mpaka leo nikinawa uso nafanya haraka, kama mtu anayehesabiwa.

Jumamosi wageni walikuja: baba wa kijana, mjomba wake, na yule shangazi. Niliweka mezani daftari, na tiketi iliyokutwa mfukoni mwa marehemu, ambayo ilikuwa ya kwenda mbele na kurudi nyumbani tarehe ileile ya wenzake. Nilikuwa nimeanza kueleza mlango ulipogongwa. Alikuwa Tajiri. Nilimtumia ujumbe bila kutumaini. Alikuwa amevaa koti lililombana, na mkoba wake wa spana begani, kwa sababu alikuwa ametoka kazini moja kwa moja.

"Karibu, shemeji, kaa," nikamwambia.

"Nikikaa sitasema," akajibu. Akawageukia wageni. "Hakukuwa na mwanamke. Alishuka kwa ajili ya saa. Mwalimu alianza kuhesabu kumi, nami nikapokea kwenye tano. Nilipomaliza nilisema, 'Leo Fundi Saa kaachwa, historia imeandikwa.' Nilicheka mpaka stesheni iliyofuata. Tulikuwa tunajua kifua chake. Tulisahau, au tuliona mchezo mtamu zaidi. Sijui. Msimpe mwanamke mtu ambaye hakuwa naye."

Mjomba wa kijana aliinamisha kichwa. Baba wa kijana alivuta daftari, akasoma kanuni, akazitazama sahihi tatu kwa muda mrefu. "Na hii ya katikati ni yake?"

"Ndiyo."

"Kwangu yametosha," akasema. "Tuzungumze tarehe."

Shangazi hakutosheka. Alinyoosha mkono kwenye daftari akaanza kulipekua kutoka nyuma, akafika kwenye ukurasa wenye mistari minne ya penseli, mwandiko unaoyumba. Nilifika kabla hajasoma. Niliweka kiganja changu juu yake.

"Dada," akasema kwa sauti ya asali, "hicho si ndicho alichoandika pale benchini? Kama hakuna jina la mtu humo, tusomee basi, tuondoke na mioyo safi."

"Mioyo yenu mtaisafisha wenyewe."

"Basi lipo jina."

Binti yangu alikuwa pale. Alinitazama, nikajua naye anataka kusikia. Sebule nzima ilitaka, hata Tajiri, aliyekuwa amesimama na spana zake akilia bila kujifuta. Ningesoma mistari ile minne, shangazi angekosa la kusema maisha yake yote. Nililifunga daftari, nikalirudisha kabatini, nikageuza ufunguo mbele ya macho yao, na kuuliza nani ataongezewa chai.

Harusi ilifungwa. Mwalimu hakualikwa, na nilipopishana naye sokoni nilimsalimia kama ninavyomsalimia mtu yeyote. Tajiri huja kukagua mabomba yangu ambayo hayana ubovu. Na shangazi anatembea na ukurasa wangu mdomoni, anautia majina anavyopenda.

Nimeeleza alivyokufa, nimeeleza alivyoachwa na waliomwacha. Hayo yalikuwa haki ya jina lake na ya watoto wake. Ile mistari minne aliniandikia mimi. Msiniulize tena.